Re: Mchumba wangu amebadilika tangu maandamano

Pole sana dada. Yani mchumba wako alikuwa town Nairobi kwenye maandamano ya 25 Juni 2024, beste yake akapigwa risasi karibu na Bunge, na tangu hapo halali vizuri, pikipiki ikilipuka ekzosi anaruka, na ukimwambia asonge mbele anakununia siku nzima. Hiyo "songa mbele" iache kabisa, kwake inasikika kama unasema rafiki alikufa bure. Muulize kuhusu huyo rafiki, alipenda nini, alichekesha aje, halafu nyamaza usikie. Usiku akishtuka usimshike ghafla, washa taa, mwite jina, mpe maji. Na zile video za maandamano asizitazame usiku.

Imekaa muda mrefu hii, si ya maombi peke yake (omba pia, sikatai), aone mshauri au daktari, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure kupiga. Akisema heri angekufa yeye, usimwache pekee, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na msiogope polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema ile sheria ya kushtaki mtu aliyejaribu kujiua inakiuka katiba.

Lakini akikuinulia mkono, toka hapo kwanza, utamsaidia ukiwa kwa mamako.