Hereni na bruchi za zamani: usitupe, usiuze kwa fungu, na usizivae kama dhahabu

Mleta mada pole kwa msiba wa shangazi. Kwa anayeingia sasa hivi kwenye uzi, dada kaachiwa kopo la biskuti limejaa hereni za kubana, bruchi na mikufu ya lulu bandia, nyingine zina maandishi nyuma, anauliza zina maana yoyote au ni takataka, na kama zina maana azivae vipi kazini na kwenye sendoff ya mdogo wake bila kuonekana katoka kwenye albamu ya picha. Na kuna mkuu hapo juu kamjibu "hayo ni mabati tu, uza yote ununue pete moja ya dhahabu".

Mi niko Mwanza, kazi yangu ni keshia duka la vifaa vya ujenzi, ila haya mambo ya urembo wa zamani ni ugonjwa wangu wa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu mnisamehe.

Tuanze na mkuu wa mabati. Ni kweli ni bati, shaba na kioo, hakuna anayebisha. Huku kwetu dhahabu ya Geita iko ng'ambo tu ya daraja la Busisi, kila mtu ni sonara wa kujitegemea, ukivaa kitu cha njano shosti anakishika anakipima uzito kwenye kiganja afu anakuuliza kwa sauti ya chini "yenyewe hii?" Sasa ukishaingia kwenye hilo swali umekwisha, maana vitu hivi havikutengenezwa vishindane na dhahabu. Januari 1953 Eisenhower anaapishwa kuwa rais wa Marekani, mkewe Mamie usiku ule alienda kwenye dansi na seti ya lulu bandia za Trifari, kampuni ya Marekani ya mapambo bandia, mchoraji wake Alfred Philippe, fundi aliyekuwa ametokea kwenye vito vya kweli vya matajiri. Mke wa rais huyo, angetaka za kweli angezikosa? Alivaa kwa sababu zilikuwa nzuri, basi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu dada. Kwenye hilo kopo vile vicheni vyembamba vinavyojifanya dhahabu ndio vya kugawa kwa watoto wachezee. Vya kubaki navyo ni vile visivyo na aibu ya kuwa bandia, vioo vya rangi, lulu kubwa, bruchi la ua zima la petali, hereni kama kifuniko cha soda. Kitu ambacho hakuna sonara angekitengeneza kwa dhahabu labda uuze kiwanja.

Sasa namna ya kuchambua. Tandika taulo jeupe karibu na dirisha mchana, mwaga kopo lote, geuza kila kitu kifudifudi. Nasema kifudifudi kwa sababu mbele hata hereni ya juzi ya buku pale Makoroboi inang'aa, ila mgongo haujui kudanganya. Cha zamani kilichotengenezwa vizuri nyuma kimesuguliwa laini kama mbele, pini imechomelewa au imepigwa ribiti, ina kakufuli kanakozunguka ili isifunguke yenyewe. Cha hovyo utaona tone la gundi limekauka na kingo zinakwaruza kidole. Afu angalia vijiwe, kama kila kimoja kimeshikwa na vikucha vidogo vya chuma hapo kuna mtu alikaa chini akafanya kazi.

Maandishi nayo yapo huko huko nyuma, kwenye klipu ya hereni au kwenye kifungo cha mkufu, tumia kamera ya simu uvute karibu maana ni madogo mno. Ukikuta TRIFARI yenye kitaji juu ya herufi T, weka pembeni kwanza. Ukiona na ka-c ndani ya duara basi kwa kawaida hicho ni cha kuanzia 1955 kuja huku, kwa sababu mwaka huo Trifari walishinda kesi mahakamani dhidi ya kampuni iliyokuwa inawaigia, ikakubalika kwamba urembo wa namna hii ni kazi ya sanaa na una hakimiliki, viwanda vingine navyo vikaanza kugonga hiyo alama. Kampuni ya Monet walianzia kutengeneza herufi za majina za kubandika kwenye pochi za kina mama, ndio wakahamia kwenye mapambo, na mpaka leo klipu zao kwangu ndio haziumizi sikio kuliko za wengine wote. Napier ni wa Connecticut, kiwanda chao cha Meriden kilifungwa 1999, bangili zao nzito nzuri sana. Sarah Coventry utaziona nyingi kwa sababu kuanzia 1949 walikuwa hawauzi dukani, mwanamke anaalika wenzake sebuleni wanakunywa chai wanaagiza, yaani kitchen party ya biashara. Hiyo uliyosema imeandikwa Coro ni kampuni kubwa ya zamani ya Marekani, walitoa vya bei ya chini kabisa na vya juu pia, kwa hiyo jina peke yake halitoshi, ni mpaka tuone mgongo.

Kisichoandikwa kitu sio takataka jamani. Vizuri vingi havina jina. Lulu zisugue taratibu kwenye meno, ya kweli inakwaruza kama ina mchanga, ya kioo inateleza, na ukiona kati ya lulu na lulu kuna kifundo cha uzi ujue mtu alijali, ukikatika unapoteza moja tu sio zote kutawanyika chini ya viti vya daladala. Shanga za kioo ukiziweka shavuni ni za baridi, plastiki haina ubaridi huo. Na kuna vile vijiwe vinavyobadilika rangi ukivigeuza, pinki kijani bluu, kama mafuta ya injini ya boti yaliyomwagika juu ya maji ya ziwa, ule mpako wa Swarovski, wale watengeneza vioo wa Austria, ulitoka 1956, kwa hiyo akikwambia muuzaji ni vya enzi za Mjerumani mwachie.

Sumaku msijisumbue nayo. Dhahabu haivutwi, shaba nayo haivutwi, umejua nini hapo.

Ninakopata mimi: sipati kwenye meza za urembo, huko wameshajua bei. Napata soko la Mlango Mmoja kwenye makoti na blazia za mtumba. Watu huku makoti hawanunui sana kwa hili joto, ndio maana yanarundikwa chini bila kuchambuliwa, na wazungu wanatoa nguo bila kukagua, bruchi linabaki kwenye kola. Mikoba pia, ile yenye mifuko ya zipu ndani, ingiza mkono mpaka chini kwenye kitambaa kilichotoboka. Kuna blazia moja ya rangi ya kijivu ilikuwa imelala chini ya rundo, mkono nimeupitisha kwenye kola nikagusa kitu cha baridi, jani lenye vijiwe vya kaharabu limeshikwa na vikucha, kijiwe kimoja hakipo. Blazia ilikuwa elfu tatu. Nikachukua blazia, usiulize bei ya bruchi tu, ukiuliza tu imekuwa elfu ishirini, nunua nguo nzima utoe zawadi.

Kuhusu kuzitunza niseme kidogo hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanaua vitu vya urithi. USILOWEKE. Vijiwe vya kioo vingi vina utando wa rangi ya fedha kwa nyuma ndio unaovifanya ving'ae, maji yakiingia pale kijiwe kinakuwa cheusi na hakirudi. Futa na kitambaa chenye unyevu kidogo ukaushe hapo hapo. Ukiona kutu ya kijani, hiyo inatafuna, itenge na wenzake, chovya pamba kwenye kijiti uloweshe na siki kidogo sana, sugua palepale penye kijani tu, futa, anika juu ya taulo usiku kucha. Kijiwe kimetoka? usibandike na supaglu, ule mvuke wake unafubaza vioo na ikikauka inakatika, tafuta ile gundi ya kuchanganya mirija miwili. Mafuta, losheni, pafyumu vyote kwanza, hereni ndio kitu cha mwisho kuvaa ukitoka na cha kwanza kuvua ukirudi. Na unyevu wa ziwa msiuchukulie poa, sisi tunaokaa Kirumba karibu na maji vitu vinafubaa haraka, mi nafunga kila kimoja kwenye kitambaa chake cha pamba ndani ya kopo kavu, sio kwenye nailoni.

Mkufu wa shanga ukikatika uzi, msihangaike kuagiza Dar. Pale soko la samaki la Mwaloni wanauza nyuzi za nyavu za nailoni za unene wote, unachagua mwembamba unaopita kwenye tundu la shanga, haukatiki maana umetengenezwa kushika sangara. Kwa shanga za kioo unafaa sana, kwa lulu hapana, unakuwa mgumu mkufu unasimama shingoni haulali, lulu tumia uzi wa hariri ufunge vifundo.

Haya sasa kuvaa.

Kazini kitu kimoja tu. Bruchi kwenye kola ya shati au kwenye blazia ya kitenge juu kidogo ya titi la kushoto, sio katikati ya kifua, ukiweka katikati unaonekana umefunga kifungo kilichokatika. Hereni za kubana za lulu na shati jeupe na sketi, umemaliza, hakuna atakayesema umezidisha. Hivi vitu vinakaa vizuri kwenye nguo rahisi kuliko nguo ya gharama, dera la kawaida la Jumamosi na bangili pana ya Napier unaenda sokoni watu wanakuamkia.

Kitenge kina makelele yake tayari, kwa hiyo chagua rangi moja ndani ya lile ua, sio ile iliyojaa, ile ndogo inayojificha, kama kuna kanukta ka chungwa basi tafuta kijiwe cha chungwa uishie hapo. Mkufu na kitenge chenye mshono wa shingo uliojaa malinda achana nao kabisa, fundi ameshafanya kazi ya mkufu. Shingo ya V inapokea mkufu mfupi, shingo ya boti haitaki kitu shingoni inataka hereni kubwa. Gauni la lesi la shingo ndefu, bruchi begani au kwenye kilemba.

Hapo kwenye kilemba ndipo utamu. Hereni za kubana zinauma baada ya masaa, tusidanganyane, na kina dada wengi tumetoboa masikio kwa hiyo wanazikimbilia kwa sonara azikate azitie ndoano. Mi sikubali, hasa zenye jina nyuma, ukishakata umeua. Bandika kipande kidogo cha sponji kwenye klipu, au zibane mbili juu ya fundo la kilemba, au kwenye mkanda wa pochi, au mbele ya kiatu cha kufunika. Viatu vyeusi vya mtumba vikibanwa hereni za vijiwe vinaingia ukumbini kwa heshima zote. Ila ukipanda boda na helmeti vua zote uweke kwenye pochi, zangu mbili zimebaki barabara ya kwenda Nyegezi na hakuna aliyeziokota akanirudishia.

Sasa sendoff ya mdogo wako. Wewe ni dada wa bibi harusi mtarajiwa, najua mtakuwa na sare, familia nzima kitambaa kimoja, mashangazi, kamati, wote mmeng'aa rangi moja ukumbi mzima na mafundi wenyewe wanarudia mishono ile ile ya Instagram. Kitakachokutenga wewe ni pambo tu. Na wengi watakuja na ile seti mpya ya mkufu, hereni, bangili na pete vyote vya kufanana ndani ya boksi jekundu. Wewe usivae seti hata kama shangazi aliacha seti, igawanye, mama avae mkufu, wewe hereni, bruchi limwekee bibi harusi kwenye ule mtandio anaoingia nao au ubanwe kwenye ua lake, atakuwa na kitu cha shangazi mwilini bila hotuba ya MC. Taa za ukumbini na zile za mpiga video zinapenda vioo kuliko dhahabu, dhahabu ndogo haionekani kutoka meza ya tatu, kioo cha zamani kinawaka mpaka mlangoni.

Ngozi yako kama inawasha na chuma cha bei rahisi, paka nyuma ya klipu rangi ya kucha ile isiyo na rangi, acha ikauke kabisa kabla ya kuvaa.

Na huyo jamaa aliyekwambia atachukua kopo lote kwa elfu kumi mwambie asubiri. Piga picha za migongo, sio mbele, migongo, moja moja kwenye mwanga wa dirisha uzitupie hapa, hasa hiyo Coro na lile bruchi ulilosema lina ndege wawili kwenye tawi, hilo ndio nalitaka nilione leo leo.