Maswali yenu: zile sinema za Hungaria za miaka ya vita

Jamani asanteni sana. Toleo lililopita niligusia tu kidogo sinema za Hungaria za wakati wa vita kuu ya pili, nikajua zitawapita hivihivi, kumbe watu mmezitafuta mtandaoni mkaziangalia na ile tafsiri ya kuandikwa chini, meseji zimekuja kuanzia Marangu mpaka Ngaramtoni. Siwezi kujibu zote. Nimechukua hizi ambazo na mimi zimenikaa kichwani wiki nzima.

Mwanangu, mjukuu wangu aliniwekea ile ya mkata magogo. Kwenye treni yule bwana kamshikilia mkewe na mke keshakufa. Mjukuu ananiuliza babu, mbona anamficha, si angesema tu? Nikashindwa kumjibu, koo lilinikaba. Hebu mweleze wewe. (Mzee wa Kibosho)

Shikamoo mzee wangu. Hata mimi nililia palepale. Kwa ambao hawajaiona, inaitwa Emberek a havason, maana yake watu wa milimani, ilitoka 1942, muongozaji ni Szőts István, kijana wa miaka 30, na ndo filamu yake ndefu ya kwanza. Mkata magogo ni Gergő, kaigiza Görbe János, mkewe Anna kaigiza Szellay Alice. Wanaishi juu kabisa msituni huko Transylvania, eneo la milima na misitu, kampuni ya mbao inapanda mlimani na maisha yao yanaanza kuharibika, mke anaugua, mume anamshusha mjini kwa madaktari na madaktari hawana la kufanya. Anna anafariki. Hela ya kusafirisha maiti hakuna. Basi anampandisha treni kama vile amelala, anarudi naye nyumbani.

Mwambie mjukuu hivi: maiti ina nauli yake, na nauli ya maiti siku zote inamzidi maskini. Sisi wa mlimani tunalijua hili vizuri. Shangazi yangu alifia Dar, vikao vya michango vikakaa siku nne, daftari linazunguka, huyu kaahidi hiki yule kaahidi kile, mpaka tukapata Coaster ya kukodi. Wakatoa viti vya katikati jeneza likakaa pale. Mama yangu alikaa pembeni yake usiku kucha, mkono kauweka juu ya mfuniko, na kila gari likiruka tuta alikuwa anamwambia taratibu, pole dada, tumefika Korogwe. Pole dada, hii ni Same. Pole dada, tumeshaingia Mwanga, bado kidogo. Hakuna mtu ndani ya ile gari aliyeona ni kitu cha ajabu. Himo tukakata kulia kupandisha Marangu na mchana wake akalala kihambani, kwenye migomba yake.

Kwahiyo nilipomuona Gergő kwenye lile behewa, mi nilimuona mama. Hamfichi kwa ujanja, anamrudisha mtu kwao. Sisi tulikuwa na ukoo na daftari la michango, yeye ana mikono yake tu.

Na kitu kingine mzee, angalia ule mlima. Filamu nyingi za Hungaria za miaka ile zilichezwa ndani ya studio Budapest, mji wao mkuu, sebule kubwa, mashada ya maua, watu wamevaa suti wanakunywa mvinyo. Szőts kwao ni hukohuko Transylvania, akabeba kamera akapanda nayo mlimani, theluji unayoiona ni theluji kweli na miti inayoanguka ni miti kweli. Mwaka huohuo wa 1942 ikapata tuzo kwenye tamasha la Venice, na Waitaliano waliokuwa wanataka sinema itoke nje ya studio iende kwa watu wa kawaida waliipenda mno. Baada ya vita Szőts akatengeneza nyingine, Ének a búzamezőkről, 1947, nayo ikapigwa marufuku kwao. Inaniuma sana, mtu mwenye jicho lile hakuachwa afanye kazi yake.

Kaka habari. Vita inapigwa, watu wanakufa, hawa wanatoa muvi tu? Hela walitoa wapi na nani alikuwa anaenda kuangalia? (Kijana wa Ngarenaro)

Salama mdogo wangu. Hungaria iliingia vitani katikati ya 1941 upande wa Ujerumani, lakini vita yenyewe mwanzoni ilikuwa mbali, huko Urusi, Budapest kwenyewe taa zinawaka na watu wanaenda sinema. Mwisho wa 1941 wakawa maadui na Marekani pia, muvi za Hollywood zikakatika. Sasa fikiria hapo mjini kwetu muvi za nje zote zipotee mara moja, si watu watabaki na za kwao? Ndicho kilichotokea, studio ya Hunnia pale Budapest ikawa haipumziki, 1942 na 1943 zilitoka filamu zaidi ya 40 kila mwaka, kwa nchi ndogo vile. Nyingine zikauzwa hadi nchi za Balkan.

Ila kuna jambo zito nyuma yake na nisipolisema nitakuwa nimekudanganya. Miaka ya thelathini Wahungaria walikuwa wanapenda vichekesho kuliko kitu chochote, na waandishi wengi wa vile vichekesho, waigizaji, watu wa studio, walikuwa Wayahudi. 1938 ikaja sheria kwamba Wayahudi wasizidi asilimia 20 kwenye kazi hizo, 1939 wakashusha mpaka asilimia 6, na ikaundwa chemba ya waigizaji, kama sio mwanachama hupandi jukwaani wala husimami mbele ya kamera. Kabos Gyula, mchekeshaji aliyependwa kuliko wote, mfupi, mwenye uso wa mtu anayeonewa kila siku, aliondoka 1939 akafia New York Oktoba 1941. Waandishi wengine wakawa wanaandika kwa siri halafu linawekwa jina la mtu mwingine. Waigizaji waliobaki bila kazi wakakusanyika kwenye ukumbi wa Goldmark hapo Budapest, jumuiya ya Kiyahudi ikawa inawaandalia maonyesho yao, wakaigiza na kuimba pale mpaka Wajerumani walipoingia nchini Machi 1944.

Ndo maana kicheko kilipungua na drama za huzuni zikachukua nafasi. Wenye kipaji cha kuchekesha walishafukuzwa, na Januari 1943 jeshi lao la pili likasambaratika mto Don huko Urusi, nyumba nyingi zikawa na msiba. Mtu akienda sinema alikuwa anatafuta pa kulilia.

Mimi nafundisha Usa River. Wale wazungu wa wakati wa vita waliokaa Tengeru ndo hao Wahungaria? (Mwalimu)

Hapana mwalimu, wale ni Wapolandi, kama 5,000 hivi, wengi akina mama na watoto. Warusi waliwatoa kwao wakawapeleka Siberia, wakapitia Iran, wakaanza kufika Tengeru 1942. Makaburi yao bado yapo, wapeleke wanafunzi wakayaone maana ni karibu. Uhusiano na Hungaria upo mmoja mzuri: Poland ilipovamiwa Septemba 1939, Hungaria ilifungua mpaka ikawapokea Wapolandi wengi waliokuwa wanakimbia.

Na staa wa sinema za miaka ya vita aliyekuja kuishi kwetu kabisa ni Mjerumani, Hardy Krüger. Alianza kuigiza 1944 akiwa kijana mdogo, baadaye akaja kucheza ile Hatari! iliyotoka 1962, wakapiga picha hukuhuku Arusha, akapapenda akanunua shamba Momella. Wazee wa Usa wanamkumbuka, waulize.

Dada yangu na mimi tumebishana. Huyo mwanamke mwenye sauti nzito, ni Karády Katalin au Katalin Karády? Na ile sauti ni yake kweli au wameweka ya mwanaume? Alafu ilikuwaje mwisho wake? (Dada wa Soweto, Moshi)

Wote mko sahihi, Wahungaria wanaanza na jina la ukoo, kama unavyoitwa jeshini. Mi nawaandika wanavyojiandika wenyewe.

Sauti ni yake mwenyewe dada! Na ndo iliyomfikisha pale. Alizaliwa 1910 Kőbánya, mtaa wa watu wa viwandani pembeni ya Budapest, jina lake la nyumbani Kanczler. Filamu ya kwanza Halálos tavasz, 1939, kutoka kwenye riwaya ya Zilahy Lajos, na mwenzake ni Jávor Pál, yule mwenye masharubu, mwanaume aliyekuwa anapendwa kuliko wote nchini. Mpaka hapo wanawake wa sinema za Hungaria walikuwa wanaongea kwa sauti nyembamba tamu. Akaja huyu, anaimba kama mtu aliyekesha, taratibu, kila neno analiachia likiwa limechoka. Jaribu kumsikiliza usiku kwa earphone bila kuangalia picha, utanielewa. Wakubwa wakapiga kelele kwamba anaharibu maadili, wasichana wakaenda kutengeneza nywele kama zake. Miaka mitano hivi akacheza filamu kama 20.

1944 wakacheza tena na Jávor, Valamit visz a víz, hii nayo ya Zilahy. Mvuvi anamuokoa mtoni mwanamke asiyejulikana katoka wapi, anamleta nyumbani kwake penye mke, na moyo wake unaanza kuhama kidogokidogo. Hakuna anayepiga kelele, mke anaona, anaendelea na kazi za nyumba. Mi hizo ndo drama ninazozipenda.

Mwaka huohuo Aprili, Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakamkamata Karády. Walimshuku anawapa siri maadui zao, maana alikuwa na mahusiano na mkuu mmoja wa ujasusi wa Hungaria, Ujszászy István. Wakamtesa vibaya, miezi mitatu. Alipotoka akakuta nyumba yake imeporwa. Oktoba wale wa chama cha Msalaba wa Mishale, Wahungaria waliokuwa wafuasi wa Wanazi, wakachukua nchi, wakawa wanawapeleka Wayahudi ukingoni mwa mto Danube wanawapiga risasi waangukie majini. Karády akaenda pale mtoni, akatoa dhahabu na vito vyake kukomboa watoto, akawaficha nyumbani kwake. Dada, mtu katoka kuteswa juzi, anajua kabisa wale watu wanaweza kumfanya nini. 2004 Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa kilichopo Israeli, wakamtambua kuwa miongoni mwa waliookoa Wayahudi, yeye keshafariki miaka 14 nyuma.

Jávor naye mkewe alikuwa Myahudi. Wakamkamata, wakamfunga gereza la Sopronkőhida, kisha wakampeleka Ujerumani. Akapona, akaenda Marekani 1946 akapata vijisehemu vidogo tu huko, 1957 akarudi kwao akiwa mgonjwa, 1959 akafariki Budapest.

Baada ya vita serikali mpya haikumtaka Karády, filamu zake zikafungiwa. 1951 akatoroka nchi. Akapita Ulaya, akafika São Paulo Brazili, mwishoni New York, na huko kote alikuwa anatengeneza na kuuza kofia za kike. Hakuigiza tena. Alipotimiza miaka 70 wakamuita arudi nyumbani wamsherehekee, hakwenda, akawatumia kofia moja aliyotengeneza iende badala yake. Hilo la kofia nimelifikiria siku nyingi. Mi naona alikuwa bado anaumia, na bado anawapenda, vyote viwili.

Alifariki New York Februari 1990. Mwili ukasafirishwa, akazikwa Budapest, makaburi ya Farkasrét. Mzee wa Kibosho ukisoma hapa utanielewa kwanini nimefurahi kwamba alirudishwa.

Bando langu ni la wiki. Nianze na ipi? (Hakutaja mahali)

Anza na ile ya milimani, halafu Valamit visz a víz. Halálos tavasz iweke ya tatu, ni nzuri ila inaenda polepole na kama hujamzoea Karády utaizima katikati.

Ukikutana na Őrségváltás ya 1942 usidanganyike na umahiri wa Páger Antal, ile ilitengenezwa kuwafundisha watu wawachukie Wayahudi, kiwandani wafukuzwe na nafasi zao zichukuliwe, na wewe mtazamaji unatakiwa ushangilie. Páger ni muigizaji mkubwa kweli, macho yake yanaongea, na alikuwa upande ule kwa hiari yake. Vita ilipoisha akakimbilia Argentina, 1956 wakamruhusu arudi, 1964 akapewa tuzo ya muigizaji bora kwenye tamasha la Cannes kule Ufaransa kwa filamu nyingine, Pacsirta. Kabos hakupata hata nafasi ya kurudi. Mi hilo halijanikalia sawa mpaka leo na sidhani kama litakaa, kwahiyo wiki yako moja ya bando mpe Görbe na Szellay.