Wasomaji Wauliza: Drafti ya Marekani na mabinti wa Lubumbashi

Tangu mabinti wa TP Mazembe walipotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Morocco, Novemba 2024, hatujakosa barua za wazazi na makocha wanaouliza habari za soka ya wanawake ya kulipwa. Safari hii tumechagua nne zinazohusu Marekani, kwa kuwa ndiyo nchi inayotajwa zaidi na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi.

SWALI. Bwana Mhariri, binti yangu ana miaka 17, anacheza kiungo katika timu ya wasichana ya hapa kwetu, na mwaka huu anafanya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Bwana mmoja anayejiita manaja ametuambia kwamba tukilipa dola 400 ataandikishwa katika drafti ya Marekani ya mwezi wa Januari, na timu itakayomchagua itamlipia chuo kikuu. Mume wangu anataka kuuza kiwanja chetu kidogo. Je, tulipe?
*Mama wa mchezaji, komini ya Katuba*

JIBU. Mama, msilipe, na kiwanja msikiuze. Kitu anachowauzia bwana huyo hakipo tena, na hata kilipokuwapo hakikuwa kama anavyokieleza.

Ligi kuu ya wanawake ya Marekani, inayojulikana kwa herufi NWSL, ilianza kuchezwa mwaka 2013. Januari ya mwaka huo timu zake zilikaa pamoja zikagawana wachezaji waliokuwa wamemaliza vyuo vikuu, kila timu ikitaja jina kwa zamu yake, na mgawanyo huo ndio ulioitwa drafti. Wa kwanza kabisa kutajwa alikuwa Zakiya Bywaters wa chuo cha UCLA, aliyechukuliwa na Chicago Red Stars. Drafti ya mwisho ilifanyika Januari 2024, Utah Royals ikamtaja Ally Sentnor kabla ya wengine wote. Agosti ya mwaka huo huo ligi na chama cha wachezaji walitangaza mkataba wa pamoja utakaodumu hadi 2030, na mkataba huo ukaifuta drafti ya vyuo, pamoja na ile iliyoziruhusu timu mpya kuchukua wachezaji wa timu nyingine zilipoingia ligini. Hakuna tena Januari ya kuandikishwa.

Angalieni pia jinsi anavyoupindua mpangilio wenyewe. Msichana alisoma kwanza, kwa kawaida hadi miaka minne, akiichezea timu ya chuo, ndipo timu ya kulipwa ikamtaja. Wapo waliowahi kuondoka, kama Sophia Smith, aliyeacha chuo cha Stanford baada ya misimu miwili na kutajwa wa kwanza na Portland Thorns mwaka 2020. Lakini timu haikumtaja msichana ili imlipie karo. Anayelipa karo ni chuo chenyewe, kwa njia ya bursa ya michezo, na mwenye neno kubwa katika bursa hiyo ni kocha wa chuo.

Bursa hizo zipo kweli, na drafti haikuondoka nazo. Sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu ndiyo iliyovisukuma vyuo vya Marekani kuunda timu za wanawake, na leo daraja la kwanza la michezo ya vyuo peke yake lina timu zaidi ya 300. Hata hivyo bursa si lazima iwe kamili. Kwa miaka mingi chuo cha daraja hilo kiliruhusiwa kuipa timu yake ya wanawake thamani ya bursa 14 tu, na kocha akazikata vipande vipande ili ziwafikie wachezaji wengi kuliko hao. Tangu 2025 vyuo vilivyokubali kanuni mpya vinaweza kufadhili hadi wachezaji 28, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba binti yake amepata bursa aulize ni sehemu gani ya karo, kama chakula na malazi vimo, na nani atalipa bima, visa na nauli. Nusu ya karo iliyobaki inaweza kuwa maelfu mengi ya dola kila mwaka.

Dola zenu 400 zina kazi nyingine. Binti apite Exetat kwa asilimia nzuri, maana bila diploma ya Serikali kocha anaweza kumtaka na chuo kikamkataa. Ajifunze Kiingereza kwa bidii, kwa sababu atapimwa. Na apigwe video ya mechi nzima, si mabao matatu yaliyotiwa muziki, kwa kuwa kocha anayetafuta kiungo anataka kuona anafanya nini asipokuwa na mpira. Kisha awaandikie makocha yeye mwenyewe, kwani anwani zao ziko wazi katika tovuti za vyuo. Asitie sahihi mkataba wa kulipwa na timu yoyote wakati anatafuta bursa, kwa sababu mkataba wa namna hiyo unaweza kumfungia mlango wa michezo ya vyuo. Na huyo manaja mwombeni jina la chuo kimoja na la kocha mmoja ambaye mnaweza kumwandikia ninyi wenyewe. Akianza kuzungukazunguka, mmekwisha kujibiwa.

SWALI. Ninafundisha wasichana. Nilikuwa ninaipenda drafti kwa sababu timu iliyoshika mkia ndiyo iliyochagua kwanza, wakati huku kwetu timu tajiri huchukua kila mchezaji mzuri na nyingine zinabaki kusindikiza. Kwa nini Wamarekani wameacha jambo lenye haki namna hiyo?
*Kocha, Kampemba*

JIBU. Kocha, hoja yako ina uzito, na ndiyo hasa iliyoifanya drafti idumu katika michezo ya Marekani tangu ligi ya futiboli ya Kimarekani (NFL), ule mpira wao wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu, ilipoianza mwaka 1936. Msimamo wa ligi uligeuzwa chini juu, wa mwisho akawa wa kwanza kuchagua, na katika NWSL mzunguko huo ulirudiwa mara nne. Lakini tuangalie kilichokuwa kinagawanywa. Timu iliyomtaja msichana haikumpa mkataba papo hapo. Ilipata haki ya kuwa timu pekee katika ligi inayoweza kuzungumza naye. Yeye hakuchagua mji, kocha wala mfumo wa uchezaji, na aliyekataa alibakiwa na njia mbili: kwenda ng'ambo au kutafuta kazi nyingine. Mwaka 2013 mshahara wa chini wa ligi hiyo ulikuwa dola 6,000 kwa msimu. Msichana mwenye shahada mkononi alipelekwa upande wa pili wa nchi kwa fedha hizo, bila kuulizwa.

Kisa cha Rose Lavelle, kiungo wa Marekani, kinaonyesha jambo hili vizuri. Boston Breakers ilimtaja wa kwanza katika drafti ya 2017. Januari 2018 timu hiyo ilishiriki drafti nyingine, na siku chache baadaye ikafungwa kabisa. Wachezaji wake wakagawanywa upya kati ya timu zilizobaki, na Lavelle akatajwa wa kwanza kwa mara ya pili, sasa na Washington Spirit. Huyu ndiye aliyefunga bao katika fainali ya Kombe la Dunia la 2019. Mchezaji wa kiwango hicho alihamishwa mara mbili katika muda wa mwaka mmoja kana kwamba ni samani ya nyumba iliyohamwa.

Ulinganifu wenyewe nao haukuwa imara kama ulivyoonekana kwa mbali, kwa sababu zamu ya kuchagua iliweza kubadilishwa kwa mchezaji au kwa fedha. Gotham ilimaliza ya mwisho mwaka 2022, kwa hiyo zamu ya kwanza ilikuwa yake, lakini iliiachia, na Angel City ndiyo iliyoitumia kumchukua Alyssa Thompson, aliyekuwa bado katika shule ya sekondari. Gotham hiyo hiyo ikawa bingwa wa 2023. Sisemi kwamba iliyoshika mkia hainufaiki na zamu ya kwanza, ila kocha mzuri na biashara ya akili viliweza kuipita zamu hiyo.

Kulikuwa pia na suala la sheria. Waajiri wanaoshindana wakikubaliana kugawana wafanyakazi, sheria ya Marekani kwa kawaida huona hiyo ni njama dhidi ya ushindani; drafti huvumiliwa pale ambapo chama cha wachezaji kimeikubali katika mkataba wa pamoja. Ligi hii iliendesha drafti miaka mingi kabla ya mkataba wa kwanza wa namna hiyo, uliopatikana mwaka 2022. Mwaka mmoja kabla, Olivia Moultrie, msichana wa miaka 15, alikuwa amekwenda mahakamani huko Portland kupinga kanuni iliyowazuia walio chini ya miaka 18 kusajiliwa, na jaji akaamuru aruhusiwe kucheza. Kisha Ulaya ikaanza kulipa vizuri, na huko hakuna drafti. Mwaka 2024 ikaanza ligi nyingine ya Marekani yenyewe, USL Super League, na ligi ya Kanada ilikuwa imekwisha kutangazwa kuanza mwaka 2025, zote mbili bila drafti. Msichana aliyetajwa na timu asiyoitaka alikuwa sasa na mahali pa kwenda. Kwa maoni yangu ligi haikuamka siku moja ikiwa na huruma. Ilipima hasara ya kuwakosa wachezaji bora ikaona bora ikubali.

Usawa unaoupenda haukutupwa wote. Umehamishiwa kwenye kikomo cha mishahara: mwaka 2025 kila timu iliwekewa dola milioni 3.3, kiwango kitakachopanda hadi milioni 5.1 mwaka 2030. Mshahara wa chini nao ulikuwa dola 48,500 mwaka 2025 na umepangwa kufika 82,500 mwaka 2030. Zaidi ya hayo, mchezaji hawezi tena kupelekwa timu nyingine bila ridhaa yake. Kuizuia timu tajiri isitumie fedha kupita kiasi naona ni haki zaidi kuliko kumzuia msichana asichague mwajiri.

SWALI. Je, majirani zetu Barbra Banda na Racheal Kundananji wa Zambia, na Temwa Chawinga wa Malawi, walipitia drafti?
*Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi*

JIBU. Hapana, ndugu, hakuna hata mmoja. Walikwenda wakiwa tayari wachezaji wa kulipwa: Kundananji alinunuliwa na Bay FC kutoka Madrid CFF mwanzoni mwa 2024, na Banda na Chawinga walitoka katika klabu za China kwenda Orlando Pride na Kansas City Current. Chawinga alifunga mabao 20 katika msimu wake wa kwanza na kutajwa mchezaji bora wa ligi. Banda alifunga bao pekee la fainali ya tarehe 23 Novemba 2024, siku ile ile ambayo Mazembe iliifunga AS FAR ya Morocco kule El Jadida. Sijui ni nani hapa Lubumbashi aliyelala usiku huo.

Mgeni aliyesoma Marekani aliweza kutajwa. Aliyepanda juu zaidi kwa njia ya chuo miongoni mwa wenye asili ya ukanda wetu ni Naomi Girma, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Ethiopia: alisoma Stanford, akatajwa wa kwanza na San Diego Wave mwaka 2022, na Januari 2025 akauzwa Chelsea kwa zaidi ya dola milioni moja, kiasi ambacho mchezaji wa kike hakuwahi kununuliwa kabla yake.

SWALI. Tukimlea msichana hapa tangu utotoni, kisha akaenda chuo cha Marekani, klabu yetu inapata nini?
*Kiongozi wa klabu ya wasichana, komini ya Kenya*

JIBU. Mzee, siku anapoondoka hampati kitu. Chuo si klabu na hakilipi ada ya uhamisho. Fidia ya mafunzo ambayo klabu za wavulana hudai kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza haihusu soka ya wanawake katika kanuni za FIFA, jambo ambalo mimi naliona ni la kuwaonea wanaolea wasichana.

Kinachobaki ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwa fedha kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, na kupita kwake chuoni hakufuti miaka aliyokaa kwenu. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu kuanzia miaka 16 ni asilimia 0.5. Msichana mliyekuwa naye tangu 12 hadi 17, akiuzwa kwa dola 100,000, atawaletea dola 2,000. Akihama bure mkataba wake ukiisha, hakuna cha kugawana.

Fedha hizo hufuata kumbukumbu za usajili. Picha za mechi na ushahidi wa majirani havitoshi. Kila msimu hakikisheni kwamba msichana ana leseni yenye jina na tarehe ya kuzaliwa inayolingana na hati yake ya kuzaliwa, na kwamba ligi ya mkoa imeipeleka FECOFA, shirikisho la soka la nchi yetu. Kisha mbaki na nakala iliyopigwa muhuri, kwa sababu anayeweza kudai miaka kumi baadaye huenda si kiongozi aliyepo leo.