Chandarua si feki, mbu ndiye amebadilika

Chandarua nilichopewa kliniki mbu wanatua juu yake na kuruka tena wazima. Ni feki? – Mkulima, Ubaruku

Si feki. Dawa yake ni ya jamii ya pairethroidi, iliyoundwa kwa kuiga sumu ya pareto tunayolima wenyewe Mufindi na Mbeya. Mbu wameizoea. Ng'ambo ya Songwe, kule Malawi, imethibitika kwamba kwa mbu sugu wa aina ya Anopheles funestus, jeni za CYP6P9a na CYP6P9b hufanya kazi kupita kiasi. Hutoa vimeng'enya vingi vinavyoivunja dawa kabla haijamuua mbu. Ndiyo maana kuna vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya hivyo. Vilijaribiwa Muleba, Kagera, na malaria ikapungua kwa watoto. Ukipewa hicho, usikikatae.

Sasa nikuulize ambalo hukuuliza: bomba la kupulizia unaliosha wapi? Dawa nyingi za nyanya na mpunga ni za jamii hiyohiyo. Ukilisuuza mferejini, viluwiluwi vya mbu vilivyo dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaa mbu wa msimu ujao. Halafu mnapima dawa kwa kifuniko, mnachanganya tatu kwenye bomba moja, na mwenye duka la pembejeo anawapa baraka. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena, kwa sababu watoto wa Mbarali ndio wanaolipa.

Mbu anaambukiza UKIMWI? – Wasomaji kadhaa

Hapana. Virusi hivyo havizaliani ndani ya mbu. Tafadhali msilirudie.

Njombe hakuna malaria. Mbona mwanangu ameugua baada ya likizo Kyela? – Mama, Njombe

Aliumwa na mbu huko Kyela, mama. Huku juu baridi huchelewesha kimelea cha malaria ndani ya mbu. Chini ya nyuzi 18 hivi, mbu wengi hufa kabla hakijakomaa. Lakini mtoto aliyekulia baridini hana kinga, hivyo malaria humpiga vibaya. Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Usimkisie vidonge vya dukani.

Ni kweli mbu waliobadilishwa jeni wameachiwa kwetu? – Mwanafunzi, Mafinga

Hapana. Wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara wanawafanyia utafiti Bagamoyo, ndani ya maabara iliyofungwa, ili kimelea kisikomae ndani yao. Jenomu, yaani mfuatano mzima wa vinasaba, ya mbu Anopheles gambiae ilichapishwa mwaka 2002. Bila hiyo kazi hii isingewezekana. Anayekutumia sauti za WhatsApp za kutisha, mwulize amezipata wapi.

Chandarua nikianike juani? – Tukuyu

Kivulini. Sabuni ya kawaida, bila dawa ya madoa. Na kikiwa bado kizima, kisiwe uzio wa bustani.