Ukitaka kupanda kwenye sataranji, kaa na Zürich 1953

Kwa miaka minne nilicheza sataranji kwenye simu tu. Michezo ya dakika tatu tatu, kwenye daladala, kitandani, kwenye foleni ya benki. Hatua kumi na tano za mwanzo za Sicilian, ufunguzi mmoja maarufu wa nyeusi, nilikuwa nazo kichwani kama namba yangu ya simu. Lakini nikikaa mezani na mtu aliyetulia, zile hatua nilizokariri zikiisha tu, nilikuwa sijui niende wapi. Kwenye mashindano yangu ya kwanza ya mezani nilifungwa michezo mitano kati ya saba, na ule wa mwisho nilikuwa namzidi mwenzangu ngome nzima.

Mzee mmoja wa pale kijiweni kwetu, mtu wa maneno machache, alikuwa amesimama nyuma yangu akiutazama mchezo ule. Akaniita pembeni. "Mwanangu, unacheza mbio kwa sababu hujawahi kukaa na mtu anayefikiri." Kesho yake akaja na furushi la karatasi za fotokopi, kingo zimelika, limefungwa kwa mpira. Ndani yake mlikuwa na michezo yote ya mashindano ya Zürich ya mwaka 1953. Akaniambia nisimrudishie mpaka nimemaliza.

Michezo ni 210. Ilinichukua miezi kumi na minne. Sijawahi kufanya jambo lililonibadilisha mchezo kama hilo, ndiyo maana kila kijana anayeniuliza asome nini namwambia aache video za ufunguzi kwa muda, achukue shindano moja kubwa la zamani, alimalize.

Kwa nini hili? Zürich lilikuwa shindano la kumtafuta mtu wa kumkabili bingwa wa dunia, Mikhail Botvinnik. Lilianza mwishoni mwa Agosti huko Neuhausen, Uswisi, mahali penye maporomoko ya mto Rhine, kisha likahamia Zürich mpaka mwishoni mwa Oktoba. Magrandimasta 15, yaani wachezaji wa daraja la juu kabisa, kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara mbili, kwa hiyo michezo 28 kwa kila mtu. Tisa walitoka Umoja wa Kisovyeti. Wengine walikuwa Reshevsky wa Marekani, Najdorf wa Argentina, Szabó wa Hungaria, Gligorić wa Yugoslavia, Ståhlberg wa Uswidi na Max Euwe wa Uholanzi, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1935 hadi 1937. Taimanov, mmoja wa wale tisa, alikuwa pia mpiga piano wa majukwaani. Vasily Smyslov, Msovyeti mwenzake aliyeshinda, alikuwa na sauti ya kuimbia opera, na mwaka 1950 alijaribiwa kwenye jumba la Bolshoi. Miezi miwili watu hawa wako pamoja, wanachoka, wanakasirika, wanajirekebisha. Ukipita mchezo baada ya mchezo kwa mpangilio wake, unaanza kuwajua tabia zao. Ukiokota mchezo mmoja mmoja mtandaoni hilo hulipati.

Sasa namna ya kukaa nao. Tafuta ubao wa kweli na kete za kushika mkononi. Wangu ulikuwa wa plastiki wa kukunja, na farasi mmoja mweusi alikuwa amepotea, nikaweka kizibo cha soda. Chagua upande, kwa kawaida wa aliyeshinda. Funika hatua kwa kipande cha boksi. Zile za mwanzo pita nazo tu, lakini kuanzia hatua ya kumi au kumi na mbili, kabla hujashusha boksi, andika kwenye daftari hatua ambayo wewe ungecheza, na sababu yake kwa mstari mmoja. Kuandika ndiyo kazi yenyewe. Usipoandika, ukishaiona hatua ya mkubwa utajiambia kwamba hata wewe ulikuwa unaifikiria, na hapo umepoteza jioni nzima.

Nikupe mfano mmoja, kwa sababu ndio ulionishika. Raundi ya pili, Geller, mmoja wa Wasovyeti, anacheza nyeupe dhidi ya Euwe. Geller ana miaka 28, Euwe ana 52. Kijana anapeleka kila kitu upande wa mfalme. Ngome yake iko h4 (herufi ni safu za ubao, a hadi h kutoka kushoto kwa nyeupe, namba ni mistari, 1 hadi 8 kutoka upande wa nyeupe), malkia anaingia h7 kwa cheki, yaani anamtishia mfalme, mfalme mweusi anakimbilia f7, askofu mweupe anatua h6. Ukiutazama ubao hapo unaona mweusi amekwisha. Nilikaa dakika arobaini, taa ya kandili mezani maana umeme ulikuwa umekatika, nikitafuta namna ya kukilinda kitunda, ile kete ndogo ya mbele, cha g7. Niliandika hatua mbili, nikazifuta zote. Mwisho nikaandika "sijui" nikashusha boksi.

Hatua ya 22, Euwe amechukua ngome yake ya f8 akaiweka h8. Bila ulinzi wowote, ubavuni mwa malkia wa adui. Anamlisha.

Geller akaila. Ndipo ngome ya pili ikashuka kutoka c8 hadi c2, na hapo nikaona kilichotokea. Malkia mweupe yuko kona ya h8, kona ya mbali kabisa, na mfalme wake hana mtu nyumbani. Geller akasogeza ngome kuja c1. Waliochambua baadaye walionyesha kwamba alikuwa na tumaini kwa kusukuma kitunda kwenda d5, lakini kuliona hilo ukiwa umekaa mbele ya saa inayokimbia si kazi ndogo. Ngome nyeusi ikala g2 kwa cheki, malkia mweusi akaja b3, kisha f3. Hatua ya 26, Geller akasalimu amri.

Mimi nilitumia dakika arobaini kumtazama mfalme wangu. Euwe alikuwa anamtazama mfalme wa mwenzake. Tangu usiku ule, kete kubwa ya adui ikija kwangu, swali langu la kwanza ni nani aliyebaki kumlinda mfalme wake. Swali hilo peke yake limenipa pointi nyingi kuliko ufunguzi wowote niliowahi kukariri.

Mchezo wa pili ninaomwambia kila mtu autazame ni wa raundi ya 24, Keres, Msovyeti mwingine, na nyeupe dhidi ya Smyslov. Keres yuko nyuma kidogo tu na anataka ushindi. Anapeleka ngome zake upande wa mfalme, moja anaiweka h5 na kumwachia Smyslov aile. Ukiwa umezoea michezo ya dakika tatu, mkono unaenda wenyewe: ngome ya bure, kula. Smyslov hakuila. Kwa kitunda chake akala kitunda cha nyeupe kilichokuwa c4, akafungua njia ya katikati, na shambulio lote la Keres likakosa pa kuegemea. Keres akasalimu hatua ya 28. Raundi iliyofuata Smyslov akamfunga Reshevsky pia. Katika michezo 28 alishinda 9, akatoka sare 18, akapoteza mmoja tu, mbele ya Msovyeti mwenzake Kotov. Pointi 18, mbili zaidi ya Bronstein, Msovyeti pia, Keres na Reshevsky waliomfuata kwa pamoja. Mwaka 1957 alimwondoa Botvinnik kwenye ubingwa.

Kuhusu Kotov, mchezo wake na Averbakh, Msovyeti mwingine, wa raundi ya 14, ule wa malkia kutolewa sadaka kwa kitunda cha h3, utauona umesifiwa kila mahali. Ni mzuri kweli. Mfalme mweupe anaburutwa hadi f5, katikati ya jeshi la adui, anazungushwa na farasi na ngome mpaka hatua ya 51. Ufurahie, lakini usiuweke kuwa shule yako. Nafasi kama ile huenda isikujie maisha yako yote. Nafasi ya kukataa ngome ya bure inakuja kila wiki.

Usione haya kuruka. Kuna sare fupi humo, hasa baina ya Wasovyeti wenyewe, ambazo hazikufundishi kitu. Bronstein uzeeni alieleza wazi kwamba wachezaji wa nchi yao waliwekewa shinikizo kuhusu nani ashinde. Mimi nilisikitika nilipojua, maana Bronstein ndiye niliyekuwa nimempenda kuliko wote, na maelezo mazuri kuliko yote kuhusu shindano hili aliyaandika yeye. Lakini michezo iliyochezwa kwa jasho ni mingi mno kuacha hilo likuzuie.

Ukifika kama theluthi moja, chagua mtu mmoja umfuate hadi mwisho. Mimi nilimfuata Euwe. Alimfunga Geller namna ile, akamfunga Najdorf kwa mchezo mwingine wa kushambulia, na bado alimaliza wa kumi na nne kati ya kumi na watano, pointi 11.5. Ukimfuata raundi kwa raundi unaona mtu mwenye fikra nzima ambaye mwili umeanza kumwacha kwenye saa ya nne na ya tano ya mchezo. Baada ya hapo nilianza kulala mapema kabla ya mashindano na kula kitu cha maana kati ya raundi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunishawishi.

Programu ya kompyuta ya kuchambua michezo ifungue mwisho kabisa, ukishamaliza mchezo na kuandika yako. Ukiifungua kabla itakupa namba ya kuonyesha nani yuko mbele, na ukishaiona namba akili inaacha kutafuta.

Karatasi zile nilizirudisha zikiwa na mpira mpya. Mzee hakuniuliza nimejifunza nini. Aliomba daftari, akapekua hadi raundi ya pili, akakuta lile neno "sijui", akatikisa kichwa taratibu, kisha akapanga kete.

Michezo yote ya Zürich inapatikana bure kwenye intaneti, andika tu jina la mji na mwaka. Mchezo mmoja kwa jioni unatosha, na siku ukichoka acha. Mkiwa wawili ni bora zaidi: mmoja ashike boksi, mwingine abashiri, halafu mbadilishane. Anzeni na Geller na Euwe, kwa upande wa nyeusi.