Shabaha ya karatasi au karatasi ya shabaha?

Msomaji kaniuliza hivi: "Natafsiri orodha ya bidhaa za klabu ya kulenga shabaha. Niandike shabaha ya karatasi au karatasi ya shabaha? Mwenzangu anasema ni kitu kilekile. Na ile karatasi ngumu niiteje?"

Si kitu kilekile hata kidogo, kama vile maji ya chupa si chupa ya maji. Jina linalotangulia ndo kitu chenyewe, linalofuata linakuambia kimetengenezwa kwa nini au ni cha kazi gani. Kwa hiyo shabaha ya karatasi imeshachapwa, ina maduara yake na namba zake, unaitundika unapiga. Karatasi ya shabaha ni malighafi, iko tupu, inamsubiri mchapaji. Mteja akiagiza "rimu ya karatasi ya shabaha" akidhani ataletewa maduara, ataletewa karatasi nyeupe na hana wa kumlaumu.

Na kwenye huu mchezo lazima utofautishe maana si kila karatasi inafaa. Chukua ya fotokopi, ile ya gramu 80, chora maduara yako kisha piga na bunduki ya upepo, utaona tundu limechanika kingo zote, vipande vinaning'inia, na huwezi kujua risasi imegusa mstari upi, hapo ndo ugomvi wa pointi unapoanza. Kwenye bunduki ndefu ya upepo ya mita 10, kwa kanuni za ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo huu), pointi 10 ni kinukta cha nusu milimita wakati risasi yenyewe ina milimita 4.5, sasa ukingo wa tundu ukiwa umechanika unahesabuje? Ndo maana kanuni zinataka karatasi isiyong'aa na inayoonyesha tundu bila kuchanika ovyo, na wachezaji wanatumia risasi zenye kichwa bapa zinazokata tundu la mviringo safi.

Vitenzi navyo vifuate hapohapo: karatasi nyepesi inachanika (Wakenya wengi watasema inararuka), kadi nzuri, yaani ile karatasi ngumu, inatoboka. Ukiandika "kadi yetu haichaniki, inatoboka" umeshaiuza.

Hiyo karatasi ngumu iite kadi. Manila kila aliyesoma shule Tanzania au Kenya anaijua, ndo ile ya chati za darasani, na kwa anayejitengenezea shabaha zake nyumbani si mbaya, ila kwenye orodha ya bidhaa andika kadi tu. Boksi au kadibodi, ile yenye mawimbi ndani, ni ya nyuma, unabandikia shabaha juu yake, usiichanganye na kadi. Vile vistika vidogo vya kuziba matundu ili shabaha itumike tena, vyeusi kwa sehemu nyeusi na vyeupe kwa nyeupe, mimi naviita viraka na sioni sababu ya kutafuta neno jingine.

Upatanisho: shabaha hii, shabaha hizi, "mashabaha" hapana. Karatasi hizi sawa, makaratasi haya pia sawa, ila chagua moja uende nayo mpaka mwisho wa orodha. "Lengo la karatasi" nimeliona mahali, liache, lengo ni lile unalokusudia. Na tageti? Mdomoni sawa, ila kwenye maandishi watu wengi wakiisoma watafikiria mauzo ya mwezi.