Gnuplot inakufa ikipewa faili fulani? Zima hicho kitanzi kwanza, mkuu

Mkuu, zima hicho kitanzi. Usimalize kusoma, kazime kwanza, utanikuta hapa hapa.

Umeandika kwamba gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa amri, kwenye seva yenu inakufa na "Segmentation fault" (imegusa kumbukumbu isiyo yake) kila ikifika kwenye faili fulani za watumiaji, na umeiwekea kitanzi, yaani skripti ya kuiamsha tena kila inapokufa "ili watu wasisumbuke". Ukaongezea maswali ya fonti kwenye PDF, na kama uhamie matplotlib, ile ya kuchora grafu kwa Python. Hayo mengine tutayafikia. Hilo la kwanza limenikata tumbo, kwa sababu skripti hiyo ninayo. Niliiandika mwenyewe na bado naikumbuka neno kwa neno, kama unavyokumbuka namba ya mtu anayekudai:

`ulimit -c unlimited`
`while ! gnuplot kazi.gp > grafu.png; do sleep 2; done`

Mistari miwili. Usiinakili.

Nilikuwa natunza seva ya maabara. Watafiti wanapakia faili ya namba, wanajaza fomu: kichwa cha grafu, majina ya mihimili, ukubwa wa picha, aina ya fonti. Skripti yangu inachukua walichojaza, inakibandika kwenye faili ya amri, inaita gnuplot, picha inatoka. Miezi ikapita kimya. Gnuplot yenyewe nilikuwa nimeijenga kwa mkono kutoka kwenye msimbo wake, toleo 5.2.5, kwa kuwa ile iliyokuja na mfumo niliiona ya kizamani. Nilijisifu kwa hilo mpaka watu wakachoka. Lishike hilo toleo, nitalirudia.

Ikaanza kufa. Si kila siku, mara moja moja, na nikiiwasha na kazi nyingine inaendelea kama kawaida. Nikaenda kuuliza kwenye jukwaa moja, akanijibu bwana mmoja mwenye nyota nyingi kuliko anga la kiangazi: "Hiyo ni programu ya kuchora tu, nani akudukue kwa grafu? Weka kitanzi, ikifa iamshe baada ya sekunde 2. Weka na ulimit ili ushahidi wa kila kifo ubaki kwenye diski." Watu wakampigia makofi. Mimi nikamshukuru. Nilimwita mwalimu! Mpaka leo nikikuta jina lake kwenye uzi nafunga ukurasa, maana nitaandika kitu nifungiwe akaunti. Hakuuliza natumia toleo gani. Hakuuliza faili zinatoka kwa nani. Hakuuliza hata kama nimeshafungua faili moja iliyoiua nikaona kilichomo. Na mimi mtu mzima, nina vyeti vimening'inia ukutani, sikujiuliza hayo vilevile. Ila kwa leo wacha nimlaumu yeye, inanisaidia kulala.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Ijumaa, kama saa 11 jioni, mtafiti mmoja alipakia kazi yake ya mwisho wa wiki akaondoka. Gnuplot ikafa. Kitanzi kikaiamsha kwa faili ile ile, na fomu ile ile. Ikafa. Sekunde 2, ikaamka, ikafa. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, tofauti ni kwamba kinu changu kila kipigo kilikuwa kinaacha mzigo. Ile `ulimit` inaruhusu mfumo kumwaga kumbukumbu yote ya programu iliyokufa kwenye faili: core.18344, core.18351, core.18358, inaendelea. Kila moja megabaiti 30 hivi. Piga hesabu mwenyewe: diski ilikuwa na gigabaiti 400 wazi, faili moja kila sekunde 2. Kabla ya saa 7 usiku ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

Na kwenye diski hiyo hiyo, kwa akili zangu nyingi, ndiko zilikokuwa zinaandikwa namba za vipimajoto vya tanuri. Ndani ya tanuri kulikuwa na sampuli ya mwenzetu ambayo ilikuwa inapashwa joto polepole kwa wiki 3, na haikuwa yangu. Diski ilipojaa, kipimajoto kikaendelea kupima na programu ikaendelea kujaribu kuandika, ila hakuna kilichoandikika. Hata logi haikupata pa kulalamikia, nayo ilikuwa inakaa humo humo. Jumatatu saa 2 asubuhi nilifungua faili ya vipimo nikakuta mstari wa mwisho ni wa usiku wa kuamkia Jumamosi, tena umekatika katikati ya namba: "412." halafu basi. Nukta na hakuna kitu mbele yake.

Saa 55 na ushei za vipimo zimeyeyuka. Sampuli ikatupwa, wiki 3 zikaanza upya. Yule mwenzetu hakunigombeza. Alisema tu "sawa", akaenda kukaa kwenye gari lake na mlango ameufunga. Ningependa angenipiga.

(Na grafu ya zamani ya huyo aliyepakia? Nayo ilikwenda. Ile alama ya `>` inaifuta faili kabla hata gnuplot haijaamka. Kwa hiyo picha nzuri ya wiki iliyopita, yenye jina hilo hilo, ikawa baiti 0. Hilo niliambiwa Jumanne, nilipodhani nimemaliza kuaibika.)

Chanzo je? Nilitegemea mdukuzi, angalau ningepata wa kumsimulia. Wapi! Yule mtafiti alikuwa na aya nzima ya maelezo ya picha, herufi 1,400 hivi, akataka kuibandika kwenye kisanduku cha maelezo, akabonyeza Tab mara moja pungufu, ikaingia kwenye kisanduku cha fonti. Basi. Hiyo ndiyo silaha.

Gnuplot imeandikwa kwa lugha ya C. Jina la fonti linanakiliwa kwenye nafasi ya kumbukumbu ambayo ukubwa wake umepangwa tangu mwanzo, na katika 5.2.5 hakuna aliyepima urefu wa jina kabla ya kunakili. Ukiandika "Arial", herufi 5 zinaingia bila shida. Ukiandika aya, inafurika, inaandika juu ya vitu vya jirani. Programu ikija kuvisoma inakuta takataka, mfumo unaiua kwa ishara namba 11. Ndiyo maana skripti yako inaona namba 139 programu inapokufa: ni 128 jumlisha 11. Haukuja kwa bahati mbaya, unakwambia kuna kumbukumbu imeguswa isipotakiwa.

Na udhaifu huo ulikuwa umesajiliwa hadharani tangu 2018! CVE ni namba za orodha ya umma ya udhaifu wa programu, na CVE-2018-19492 ni wa pngcairo, sehemu ya gnuplot inayotoa picha za PNG, ambayo ndiyo nilikuwa natumia. Pacha wake 19491 ni jambo lile lile kwenye postscript, sehemu inayotoa faili za PostScript. Na 19490 ni ndugu yao: ukiipa amri ya plot mpaka wa kulia wa masafa ulioandikwa mrefu kupita kiasi, inafurika pia. Watu wenye toleo la mfumo walikuwa wanaletewa viraka vya usalama na mfumo wenyewe. Mimi niliyejenga kwa mkono sikuletewa kitu, kwa sababu mfumo haukujua hata kama nina gnuplot. Na usidhani ni mambo ya zamani, 2025 zimesajiliwa nyingine za kuiangusha gnuplot, CVE-2025-31176 mpaka 31181.

Sasa njoo kwenye kitanzi chako, maana hapa ndipo yule mwalimu wangu alipochemsha kabisa. Bafa, yaani ile nafasi ya kumbukumbu, ikifurika kwa bahati mbaya, programu inakufa. Ikifurishwa na mtu anayejua anachokifanya, anaweza kujaribu kuifanya iendeshe kitu chake. Kinachomkwamisha ni kwamba Linux inachanganya anwani za kumbukumbu kila programu inapowaka, kwa hiyo lazima abahatishe, na akikosea programu inafia mikononi mwake. Kitanzi kinamfufulia maiti kila sekunde 2 na kumwambia "jaribu tena, bosi". Usiku kucha, bure, na wewe umelala. Kiswahili kilikiita kitanzi kikijua kinasema nini.

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja, nimeilipia, wewe ichukue bure: faili ikiua programu mara moja, haipewi tena mpaka mtu aifungue kwa macho yake. Skripti ikiona 139, au 134 (programu imejikatisha yenyewe, 128 jumlisha 6), inahamisha faili na ile fomu kwenye folda ya karantini, inanitumia ujumbe, inaendelea na kazi ya mtu mwingine. Haijaribu tena. Hata mara moja. Najua utaniambia "labda ilikuwa bahati mbaya tu". Kwangu pia ilikuwa bahati mbaya, mara elfu 13 hivi.

Ukishafanya hivyo, pitia fomu yako. Mimi nilipopitia yangu ndipo miguu ilipolegea kweli. Kichwa cha grafu nilikuwa nakibandika ndani ya alama mbili za kunukuu, na gnuplot ikikuta alama za ` ndani ya hizo, inayapeleka maneno yaliyo katikati kwenye sheli, inayoendesha amri za mfumo, yakaendeshwe kama amri. Ndani ya alama moja moja haifanyi hivyo. Halafu kuna njia nyingine za kuendesha amri za mfumo: kuna `system`, kuna mstari unaoanza na `!`, kuna plot inayosoma kutoka "< amri". Yaani faili ya amri ya gnuplot ni programu kamili, na mimi nilikuwa nawaachia wageni waniandikie vipande vyake. Kwa akaunti ya root, ile yenye ruhusa zote. Usiniulize kwa nini root, kulikuwa na tatizo la ruhusa siku moja na nilikuwa na haraka.

Siku hizi fonti wanachagua kwenye orodha ya majina 6, hakuna kuandika. Kichwa kinakatwa herufi 120, na alama zote za ajabu zinaondolewa. Gnuplot inaendeshwa na akaunti isiyo na kitu, diski yake peke yake, `ulimit -c 0`, yaani hakuna faili za core tena. Picha inaandikwa kwenye jina la muda, ikikamilika ndipo inahamishwa.

Uliuliza kitu kingine kuhusu PDF, sijui fonti zinakuwaje, nipo kwenye simu na siwezi kurudi juu bila kupoteza nilichoandika. Matplotlib sina neno nayo.

Andika `gnuplot --version` utuwekee inachosema, na useme kama umeijenga mwenyewe. Faili inayoiua usiipandishe hapa, kuna watu wataipakua na kuifungua.